Nati Niliyoifunga Huku Nikihutubu

Kwihara,
Jumapili, jioni

Ndugu zangu, wenzangu katika mapambano ya kudai haki na heshima ya Mwafrika!

Unaona, Maganga? Kalamu imekwenda yenyewe. Kwa miaka ishirini na zaidi sijajua njia nyingine ya kuanza, na mkono umezoea hivyo hata mbele ya karatasi ambayo msomaji wake ni mmoja tu, tena yuko hatua thelathini kutoka hapa, bandani, akifunga mizigo ya safari ya kesho alfajiri nyuma ya kiti cha pikipiki. Sitaufuta mstari ule. Wewe ni mwenzangu kweli, ingawa mapambano ninayotaka kukueleza jioni hii ni yale ambayo nimeshindwa kila mara.

Habari za blanketi, za kwinini, za kuchemsha maji na za matobolwa, viazi vyake vya kukausha, yasilowe mvua, mama yako amekwisha kuzisema, na kama ninavyomjua atazisema tena kesho. Habari za kuvuka mpaka pale Tunduma unazijua kuliko mimi. Mimi nina neno moja tu, na tangu asubuhi nimelizunguka kama mtu anayezunguka nyumba yenye msiba akiogopa kupiga hodi.

Leo umeniona nikija bandani mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unatia grisi mnyororo, nawe ukauliza bila kuinua kichwa:

"Baba, una neno?"

"Hapana. Nilitaka kujua kama umefunga mizigo."

"Mizigo naifunga jioni."

"Vema."

Mara ya pili ulitabasamu. "Baba, ile mizigo bado haijajifunga yenyewe." Nami nikacheka. Nilikuwa nimekuja kukwambia kwamba chombo hicho huenda kikakuua, nikacheka, nikarudi ndani.

Nivumilie nieleze kwa utaratibu. Nikianza na mwisho hutaniamini, na sababu ya kutoniamini nimekupa mimi mwenyewe.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu, mbali na Unyamwezi, miongoni mwa vijana wachache waliojiona kuwa ndio macho na masikio ya Afrika nzima. Nilikuwa na sauti. Sisemi hivi kwa majivuno, maana sauti hiyo imenigharimu. Nilipopanda juu ya meza katika ukumbi wa chakula, vijiko vilinyamaza. Siku moja ilienea habari kwamba mpishi wetu, mzee mmoja mwenye mguu mbovu, anauza nyama yetu mjini. Nani aliileta habari hiyo sijui hadi leo, kwa sababu sikuuliza. Nilipanda mezani nikanguruma: "Wenzangu! Anayekula nyama ya mwanafunzi anakula ubongo wa Afrika!" Sentensi hiyo haina maana yoyote, mwanangu, lakini ukumbi uliwaka moto.

Nilikuwa na rafiki, Lubuva, mtoto wa wafugaji wa Nzega, kijana mpole asiyependa kusema jambo kabla ya kulichunguza. Wakati wenzetu wakipiga meza kwa ngumi, alipenya mpaka mbele akanivuta shati.

"Shuka kidogo. Nimetoka jikoni. Yule mzee hajauza kitu. Nyama haijaletwa tangu Jumatano, gari la mchinjaji limevunjika. Waambie."

"Niwaambie nini, Lubuva? Wamekwisha simama."

"Waambie wakae."

Maneno mawili tu. Waambie wakae. Nami nilikuwa na Kiingereza cha kutosha, na Kiswahili cha kutosha, na Kinyamwezi cha mama yangu, na katika lugha zote tatu sikuyapata maneno mawili ya kuwaambia watu wakae.

Mzee yule alifukuzwa kazi siku ile ile ili sisi tunyamaze. Nilimkuta langoni amekalia furushi lake, mwiko mrefu umechomoza kwenye fundo. Alinitazama bila chuki. Hakunijua, kwa sababu kwake yeye aliyemponza alikuwa kelele tu kutoka upande wa pili wa ukuta. Kisha wakatafutwa viongozi wa ghasia. Lubuva alionekana amesimama mbele kabisa, karibu na meza, mkono ameunyoosha. Hakuna aliyejua kwamba mkono ule ulikuwa unanivuta nishuke. Alifukuzwa. Mimi, niliyekuwa juu ya meza, nilionywa tu, kwa kuwa mwalimu mmoja alipendezwa na ufasaha wangu. Lubuva hakunitaja. Nami sikujitaja.

Nilimtembelea mara moja, miaka mingi baadaye. Alinipokea vizuri, akanipa maziwa, akaniuliza habari za watoto. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kwenda kumwomba radhi. Nikazungumza juu ya mvua mpaka jua likachwa, nikaaga.

Hayo sikuwahi kukusimulia. Ulikua ukisikia kwamba baba yako aliongoza mgomo chuoni, na ulipowasimulia wenzako kifua kilikutuna. Nilikuacha utune.

Sasa pikipiki. Unajua nilivyoipata, Waingereza wa ule mradi wa karanga walipoondoka Urambo na vyombo vyao vikauzwa: ilikuwa kuukuu tayari, imetoka vitani, tangi lina kovu. Lakini ilinifikisha Kigwa, ikanifikisha Usoke, ikanifikisha katika vijiji ambavyo hapo kabla vilisikia habari za kujitawala kama uvumi. Wewe ulikaa nyuma yangu ukishika begi la karatasi. Ulikuwepo Kigwa siku niliyosema juu ya vijana wanaokwenda migodini Rhodesia. Niliwaita wapagazi wapya. Nilisema: "Mgongo uliozoea mzigo wa mwingine hausimami wima mbele ya bendera yake!" Watu walipiga vigelegele. Na babu yako, baba yangu, aliyebeba pembe za ndovu kwa njia hii ipitayo nyuma ya nyumba yetu mpaka pwani na kurudi, alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye kigoda, kwa sababu nilimwalika mwenyewe aje anisikilize. Nilimwona akipeleka mkono taratibu kwenye lile bega lenye sugu, akaufunika kwa shuka. Kazi ile iliyomlisha mama yake na ndugu zake, iliyomfanya atajwe kwa heshima na waliotembea naye, mimi nilikuwa nimeitumia kama tusi, na nilikuwa nimepigiwa makofi. Amekufa bila mimi kumwomba radhi.

Basi ilipokuja barua yako ya kazi, ya karakana ya mgodi huko huko Rhodesia, kwamba wanamtaka fundi mwenye chombo chake cha kuzungukia mitambo ya maji, na kwamba nafasi itakungoja mpaka mwanzo wa mwezi na si zaidi, nilikujibu kama mtu mkubwa. "Chukua pikipiki," nilisema. "Tutaifungua yote, tuifunge upya." Ulinishika mkono kwa mikono miwili. Sijui kama uliona kwamba sikuweza kukutazama.

Wiki sita tumefanya kazi pamoja. Ulitandika gunia, ukapanga kila kipande kwa mfuatano wa kutoka kwake, ukaweka sheria moja: aliyefungua kitu ndiye atakayekifunga, kwa sababu mkono una kumbukumbu yake. Niliipenda sheria hiyo. Niliona kwamba nimezaa mtu anayeweza kukaa kimya na kazi, jambo nisilolijua mimi. Katika wiki ya pili platini ya magneto, kile kidude cha cheche za kuwashia injini, ikapotea.

Haikupotea. Unajua. Lakini nataka uisome kwa mwandiko wangu: niliificha. Niliifunga katika ukurasa wa daftari, nikaitia mfukoni mwa koti langu, nikakwambia kwamba yabidi tuagize nyingine Dar es Salaam. Nilikwisha hesabu kwamba hadi ifike, mvua zitakuwa zimeanza, mbuga za kuelekea Rungwa zitakuwa zimejaa maji, na kazi itakuwa ya mwingine. Nilikutazama ukipepeta vumbi la banda zima kwa ungo wa mama yako, ukitafuta kitu nilichokuwa nacho kifuani.

Na ni mtani aliyenifedhehesha. Bwana Kondo, fundi wa karakana ya reli, Mzaramo wa pwani, ambaye kwa haki ya utani huingia nyumba ya Mnyamwezi kama yake:

"Hodi hapa kwa wabeba mizigo!"

"Karibu, mkwea minazi."

"Nasikia mmepoteza platini. Babu zenu walifika baharini na pembe begani, hawakuangusha hata ukucha wa tembo. Ninyi watu wawili mmeshindwa kulinda kidude ndani ya banda?"

Ulicheka, mwanangu, kwa mara ya kwanza wiki ile. Naye, kama kawaida yake, bila kuomba, akatia mkono katika koti langu lililotundikwa msumarini kutafuta tumbaku. Aliitoa tumbaku. Karatasi ikatoka nayo.

"Lo! Mtani, koti lako limeota vyuma," akasema, akaanza kucheka, kisha akatutazama sisi wawili, akaacha.

Uliichukua platini. Uliifuta kwa pindo la shati. Ukasema, "Ahsante, Bwana Kondo," ukaendelea na kazi. Asubuhi yake ulinipigia magoti kidogo kama ulivyofunzwa, ukasema, "Shikamoo, Baba," nami nikajibu, "Marahaba." Shikamoo yako haikuwa na kasoro hata moja, na kila siku tangu siku ile imekuwa hivyo, haina kasoro, na mimi nimetamani uwe unaniamkia vibaya ili nijue bado una hasira nami.

Kimya kile ndicho kilichonifanya niseme. Wiki ya nne tulipokuwa tunafunga tumbo la injini, mimi nilikuwa na ile nati kubwa inayoshika krenki, mhimili unaozungushwa na injini, kwa kuwa niliifungua mimi. Kazi yenyewe unaijua: uikaze, kisha ukunje ukingo wa kile kibati chembamba kwa nyundo ili kiibane nati isije ikalegea. Nilikuwa na nyundo mkononi. Nawe ulikuwa kimya. Nami nikaanza kuhutubu, mwanangu, mbele ya mtu mmoja aliyeinamia gunia, juu ya shaba ya Rhodesia, juu ya nani anaichimba na nani anaiuza, juu ya nyaya zinazowasha taa za Ulaya na koroboi inayotoa moshi Kwihara. Ilikuwa hotuba nzuri. Huenda ilikuwa nzuri kuliko ya Kigwa. Katikati yake uliuliza:

"Baba, kibati umekikunja?"

"Nimekikunja."

Ukafunika.

Jana ulipoijaribu mpaka mjini na kurudi, Bwana Kondo alitega sikio akasema inaimba. Ni kweli, iliimba. Nilikuwa naosha mikono kwenye beseni, nikijaribu kuikumbuka siku ile kwa furaha, kwa sababu zimebaki chache za kukumbuka. Nilikumbuka kila neno la hotuba. Naweza kukuandikia yote hapa, na pale ulipokohoa. Sikumbuki sauti ya nyundo.

Nimejaribu usiku kucha na mchana wa leo. Katika ibada asubuhi, wengine wakiimba, mimi nilikuwa naitafuta sauti ile. Naiona nyundo mkononi. Nauona mkono wenyewe ukipaa, lakini nautambua mkono huo: ndio ninaoupaza kila ninapofika mwisho wa hoja. Siwezi kuapa kwamba uliposhuka ulishuka juu ya chuma.

Wewe ni fundi, sina haja ya kukueleza. Nati ya namna hiyo hailegei kwa safari ya mjini. Italegea polepole, kwa mtikiso wa maili nyingi, na itaachia ukiwa umepita Sikonge na Ipole, kwenye pori ambalo kwa siku nzima utaona kibanda cha wakaguzi wa mbung'o na hutaona nyumba. Na ikiachia ukiwa kwenye mwendo, gurudumu litakwama ghafla likutupe chini.

Nilipaswa kukwambia jana, pale pale penye beseni. Lakini niliona uso wako utakavyokuwa. Niliona utakavyofikiri: platini ya pili. Mzee amekosa mfuko, sasa anaficha kitu ndani ya injini ambako mtani hafikishi mkono. Nami nisingekuwa na la kukujibu, kwa kuwa nakiri hapa kwa mwandiko wangu kwamba sitaki uende. Sikutaka siku barua ilipofika, na jioni hii, nikikusikia unavuta kamba za mizigo, sitaki zaidi. Kuifungua injini kutakuchelewesha. Hofu yangu na matakwa yangu vimekaa kiti kimoja, na mimi mwenyewe siwezi kukuhakikishia ni kipi kinachosema. Hiyo ndiyo adhabu ya mtu aliyedanganya mara moja mahali penye upendo.

Mchana, ulipolala kidogo, nilikwenda mjini kwa miguu. Nilimkuta Bwana Kondo nje ya nyumba yake anacheza bao.

"Mbeba mizigo! Leo umekuja mikono mitupu?"

"Sikuja mikono mitupu," nikasema, nikamweleza yote, mbele ya mwenzake wa bao.

Aliziacha kete. Nilingoja anitukane. Badala yake akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mtani, hili si la utani. Kijana umemwambia?"

"Bado. Atadhani ni platini ya pili."

"Atadhani. Hata mimi nimedhani, ulipoanza tu." "Lakini platini uliificha usijulikane. Hili umenipa mimi, Mzaramo, bure, kwamba Mnyamwezi msomi alihubiria nati badala ya kuikaza. Unajua nitalisimulia mpaka kwenye matanga yako? Nitalala mbele ya jeneza, nizuie watu wasipite mpaka nilimalize."

"Lisimulie."

"Basi unasema kweli," akasema.

Huo ndio ushahidi wangu wote, Maganga. Sina mwingine. Nimempa mtani silaha ambayo hakuna mtu wa kabila letu anayempa mtani wake, na nimempa ili wewe uone kwamba safari hii sina mfuko.

Bwana Kondo anasema kwa watu wawili ni kazi ya asubuhi moja. Karatasi ya kuzibia ikichanika atakata nyingine, lakini hakuahidi kwamba itashika mara ya kwanza, nami siahidi. Huenda ukaondoka adhuhuri, huenda ikawa keshokutwa. Mawingu umeyaona upande wa kusini. Huenda tukafungua tukakikuta kibati kimekunjwa barabara, nawe ukawa umepoteza siku kwa ajili ya mzee asiyeamini mikono yake. Ukiniambia hivyo nitakubali, tena sitaongeza neno. Na ukiamua kuondoka alfajiri bila kufungua, hiyo pia ni haki yako. Nimetumia haki zangu zote za kukuzuia, nikazitumia vibaya. Lakini hutaweza kusema kwamba hukuambiwa. Waliosimama ukumbini siku ile hawakuambiwa.

Umekaa kimya bandani. Nadhani umemaliza kufunga. Barua hii nitaiweka juu ya tangi la petroli, uione kabla hujapiga kiki.

Kwa hiyo natangaza. Mkutano utakuwa kesho, saa kumi na mbili asubuhi, bandani. Bwana Kondo atakuwepo na spana zake. Mimi nitashika taa. Hakutakuwa na hotuba.

Baba yako